Suti Mbili Nyeusi na Paka wa Jirani

Kila asubuhi, kabla ya nguo yoyote kuguswa katika duka la dobi, pasi kubwa iliwashwa na watu wawili walikaa kimya kusubiri ipate moto. Pasi hiyo ilikuwa ya zamani na nzito, na ubavuni mwake palikuwa na taa ndogo nyekundu iliyozimika yenyewe moto ulipotosha. Dobi alikuwa ameigeuza subira hiyo kuwa sala. Alisema maneno machache, yale yale siku zote: "Bwana, kaa nasi dukani leo. Tuonyeshe tusichokiona." Kisha alifumba macho, akaweka viganja vyake juu ya meza ya kupigia pasi, na hakusema neno lingine mpaka taa izimike.

Mtu wa pili alikuwa binti yake wa miaka kumi na miwili, aliyejulikana na wote kwa jina la Kifungo. Jina hilo alilipata utotoni, siku alipomeza kifungo cha shati la mteja. Baba yake alishona kingine kilichofanana nacho, mteja akachukua shati lake akaenda zake, na suala hilo halikujadiliwa tena.

Kifungo aliuona ukimya wa asubuhi kuwa ni kupoteza muda. Sala ya maneno aliielewa: mtu hutaja anachotaka, husema amina, huendelea na kazi. Lakini kukaa bure mbele ya pasi kulimfanya ajihisi kama mtu aliyepiga simu kisha akasahau alichotaka kusema.

"Baba," aliuliza siku moja, taa ilipozimika, "unasikia nini ukinyamaza vile?"

"Nasikia pasi inapata moto."

"Na Mungu je?"

"Yeye pia yupo."

"Sasa anasema nini?"

Dobi alilowesha kidole mate, akaigusa pasi, pasi ikalia *tss*. "Kuna siku hasemi kitu, tunakaa tu pamoja. Na kuna siku unakumbushwa jambo ambalo hukutaka kulikumbuka. Siku hiyo ikifika, uniambie."

Jibu hilo halikumridhisha. Aliyemridhisha zaidi ni rafiki yake wa kwaya, msichana mwembamba mwenye pengo la meno lililompa jina la Filimbi, ambaye alikuwa amegundua njia ya haraka.

"Unamwomba Mungu ishara," Filimbi alimweleza. "Unamwambia, kama ni ndiyo, kitokee hiki. Kama ni hapana, kitokee kile. Mimi nilimwuliza kama mtihani wa sayansi utakuwa mgumu. Nikasema, kama utakuwa mgumu, taa izimike. Ikazimika hapo hapo!"

"Na mtihani ukawa mgumu?"

"Hapana, ulikuwa rahisi. Lakini taa ilizimika kweli."

Kifungo aliona kwamba njia hiyo ilikuwa na kasoro ndogo, lakini angalau ilikuwa njia. Ukimya wa baba haukuwa na hata hiyo.

Duka lile lilikuwa na sheria nyingi, na moja iliyozidi zote. Kila nguo iliyopokelewa ilishonwa uzi mfupi wa rangi ndani ya pindo: mteja huyu mwekundu, yule wa manjano, mwingine nyuzi za kijani na nyeupe zilizosokotwa pamoja. Nguo ilifuliwa na uzi wake, ikakaushwa na uzi wake, ikapigwa pasi na uzi wake. Uzi haukukatwa mpaka mwenye nguo, au aliyetumwa naye, awe amesimama mbele ya meza. "Uzi ndio mdomo wa nguo," dobi alipenda kusema. "Ukiukata mapema, nguo inakuwa bubu."

Alhamisi ya wiki hiyo zililetwa suti mbili nyeusi. Ya kwanza ilikuwa ya seremala kijana aliyekuwa anaoa Jumamosi mchana. Hiyo ilishonwa uzi mwekundu. Ya pili ilikuwa ya mzee fundi saa, ambaye alifariki katikati ya wiki na alikuwa anazikwa Jumamosi hiyo hiyo asubuhi. Suti yake ililetwa na dada yake, mama mnene mwenye sauti ya kuamrisha, na ikashonwa uzi wa manjano. Zote mbili zilikuwa za kitambaa cha namna moja, na wenyewe walikaribiana kwa kimo. Mtu asiyejua angedhani zimeshonwa na fundi mmoja siku moja.

Kama ilivyokuwa desturi, dobi na binti yake walipekua mifuko kabla ya kufua. Ndani ya koti la fundi saa, upande wa kushoto, chini ya mfuko wa kawaida, kidole cha Kifungo kiliingia ndani ya mfuko mwingine, mdogo kiasi cha kuingia sarafu kubwa, ulioshonwa kwa mkono kwa mishono midogo sana.

"Mfuko wa nini huu, Baba?"

Dobi aliutazama. "Fundi saa alikuwa na lenzi yake, ile ya kubana jichoni. Hakuiacha nyumbani hata akienda kanisani. Alisema saa mbovu inaweza kukutana na mtu popote." Aliupapasa mshono kwa kidole gumba. "Hii ni kazi ya mke wake. Fundi wa dukani hana subira hii."

Ijumaa alasiri, Kifungo aliporudi kutoka shule, suti zote mbili zilikuwa zimepigwa pasi na kutundikwa kwenye bomba la chuma. Baba yake alikuwa anatoka kupeleka mashuka ya nyumba ya wageni. Mama, aliyekuwa mkunga, alikuwa zamuni, kwa kuwa watoto wa mji ule walipendelea kuzaliwa wakati wa chakula chake.

"Watakuja watu wa suti," dobi alisema akifunga mzigo wake. "Kata uzi mtu akiwa mbele yako. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Alikuwa amesikia, lakini akili yake ilikuwa kanisani. Kwaya ilikuwa iimbe kwenye harusi ya seremala, na jioni hiyo mwalimu wa kwaya alikuwa anachagua mtu wa kuimba peke yake ubeti wa kwanza. Mwalimu yule hakuwa na mazoea ya kumsubiri mtu. Aliyechelewa aliimba nyuma, karibu na dirisha, pamoja na wale ambao sauti zao zilikuwa bado zinatafuta pa kutokea.

Kifungo akapiga hesabu yake. Angekata nyuzi zote mbili sasa, azitie suti kwenye mifuko yake mirefu ya plastiki, watu wakija awape tu, akimbie. Akachukua mkasi. Uzi mwekundu ukaanguka, kisha wa manjano. Akazilaza suti juu ya meza, akageuka kuchukua mifuko, akakuta rundo la mapazia ya shule limeizuia rafu. Akazirudisha suti kwenye bomba ili apate nafasi ya kuhamisha mapazia. Alipomaliza na kugeuka, zilikuwa zinaning'inia mbele yake, nyeusi mbili, zimenyooka, na hazikusema neno.

Alijaribu kukumbuka ipi aliitundika kwanza. Hakukumbuka.

Ilikuwa inatosha kukaa chini na kutulia kidogo. Kidole chake mwenyewe kilikuwa kimeingia ndani ya mfuko ule mdogo siku iliyotangulia, na mfuko ulikuwa bado mahali pake. Lakini Kifungo hakutulia. Alifumba macho kwa nguvu na kusema kwa haraka:

"Ee Bwana, kama suti ya bwana harusi ni hii ya kulia, atakayeingia mlangoni kwanza awe mwanamume. Kama ni ya kushoto, awe mwanamke. Amina."

Aliyeingia alikuwa paka.

Alikuwa paka wa jirani, muuza mkaa, na rangi yake halisi haikujulikana kwa sababu ya biashara hiyo. Kifungo alimtazama. Sala haikuwa imetaja paka. Hata hivyo paka yule alikuwa dume, jambo lililojulikana mtaa mzima kutokana na makelele yake, na muda ulikuwa unakwenda. Kifungo akaona kwamba swali limejibiwa. Ya kulia ilikuwa ya bwana harusi.

Haukupita muda, dada wa marehemu akafika, akafuta jasho, akasema maneno mawili ya huzuni na manne ya amri, akaondoka na suti ya kushoto. Alikuwa bado anaonekana akikaribia kona ya barabara, kitenge chake kikipepea, wakati kaka wa yule seremala alipoingia akipiga mluzi.

"Haya, Kifungo, lete silaha ya vita. Bwana harusi hajala tangu jana. Nadhani anaogopa."

Kifungo alicheka, akaikamata suti ya kulia ili aiingize vizuri kwenye plastiki. Mkono wake ukapita upande wa kushoto wa koti. Pale, chini ya kitambaa, vidole vyake vikagusa kitu chembamba, mshono wa duara dogo usiokuwa na kazi yoyote katika suti ya seremala.

Moyo wake ukasema: *Simama.*

Haikuwa sauti, na Kifungo baadaye hakutaka kamwe kudai kwamba ilikuwa sauti. Lilikuwa jambo alilolijua ghafla, waziwazi, kama mtu anavyojua kwamba ameacha maji yakitiririka. Yule mama alikuwa bado hajaikunja kona. Kumwita kungehitaji pumzi moja tu. Halafu ingebidi aeleze, afungue plastiki, asubiri arudi, na kwaya ingekuwa imekwisha kuchagua.

Kifungo akaanza kuimba. Aliimba wimbo wa kesho, wimbo wa kumsifu Mungu, kwa sauti kubwa kabisa, ili asimsikie. Akamkabidhi kaka mtu mfuko, akafunga duka na kukimbia.

Jioni hiyo alichaguliwa kuimba ubeti wa kwanza. Filimbi alimpigapiga mgongoni na kusema, "Unaona? Hiyo nayo ni ishara." Usiku alilala vizuri, jambo ambalo baadaye lilimhuzunisha.

Jumamosi asubuhi pasi iliwashwa kama kawaida. "Bwana, kaa nasi dukani leo," dobi alisema. "Tuonyeshe tusichokiona." Akafumba macho.

Kifungo naye akafumba. Alijaribu kufikiria ubeti wake, lakini wimbo haukuja. Ulikuja mfuko mdogo. Aliusukuma mbali, nao ukarudi umekaa pale pale na mishono yake midogo. Akajaribu njia ya Filimbi: *Bwana, kama ni lazima niseme, paka apite.* Akafungua jicho moja. Mlango ulikuwa mtupu. Barabara nayo ilikuwa tupu. Hakuna hata kuku.

Basi hakubaki na la kufanya isipokuwa kunyamaza kweli. Akanyamaza kwa namna ambayo hakuwahi kunyamaza, bila kuomba kitu wala kupanga jibu. Na ndani ya ukimya huo hakuona jambo lolote jipya. Aliona tu lile alilokuwa amelijua tangu jana: kwamba asubuhi hiyo mtu atazikwa, kwamba kilichofukiwa hakifukuliwi, na kwamba mtu pekee duniani aliyejua ni yeye.

Taa nyekundu ikazimika.

"Baba," alisema, na sauti yake ikatoka kama ya mtu mwingine. "Nilikata nyuzi mapema. Suti ya fundi saa iko kwa seremala. Nilijua jana. Nilijua yule mama akiwa bado barabarani."

Dobi aliichomoa pasi ukutani, na Kifungo hakukumbuka kuwahi kuiona ikichomolewa ikiwa ya moto.

"Vaa viatu."

"Baba, utanichapa?"

"Nitalifikiria tukirudi. Sasa tembea."

Walitembea, kisha wakakimbia. Walimkuta bwana harusi uani kwake, amevaa suti, anajitazama kwenye kioo kilichoegemezwa juu ya meza ya kupigia randa. Alikuwa anavuta mikono ya koti kama mtu anayetaka kuishawishi iongezeke.

"Dobi! Umekuja wakati mzuri. Hivi nguo ikifuliwa inarudi nyuma? Au mimi ndiye nimekua?"

"Vua," dobi alisema.

"Nini?"

"Vua, kijana wangu. Hiyo ni ya fundi saa."

Seremala alifikiri kidogo kuhusu fundi saa, na alipokumbuka habari zake, alivua koti kwa kasi ambayo mikono mifupi haikuweza kuizuia. Kaka yake, aliyekuwa ameketi juu ya mbao akinywa chai, alitikisa kichwa.

"Na ilikuwa inakukaa vizuri kuliko yako."

"Nyamaza wewe! Sasa yangu iko wapi?" Kisha akaelewa, akashika kichwa. "Wasije wakamvisha! Dobi, wakimvisha mimi nitaoa na nini, na shuka?"

Dobi alikuwa amekwisha kuikunja suti mkononi. "Kaa hapo," alisema. "Omba."

Nyumbani kwa marehemu mabenchi yalikuwa yamejaa. Wanaume walikaa wakitazama ardhi, mchungaji alisimama karibu na gari akitazama saa yake, kisha akaificha haraka kama mtu aliyekumbuka ni nani aliyeitengeneza. Minong'ono ilikuwa inapita. Kifungo aliisikia walipokuwa wanapenya kuelekea mlangoni. *Hataki avikwe. Huzuni imempanda kichwani, maskini. Tangu alfajiri yuko hivyo.*

Chumbani, mjane alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mwanamke mdogo mwenye mvi, na suti nyeusi ilikuwa imelala mapajani mwake. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya koti, unapapasa, unatoka, unarudi. Mkono wa kushoto ulikuwa umefumbata kitu. Dada wa marehemu alikuwa amesimama mbele yake.

"Wifi, nakuomba kwa mara ya mwisho. Watu wako nje kwenye jua. Kaka yangu amelala kule hajavikwa."

"Hii si yake."

"Ni yake! Niliipeleka mwenyewe, nikaichukua mwenyewe. Hujalala, wifi, huli. Macho yamechoka. Huo mfuko labda uliushona kwenye koti lingine, miaka mingi imepita..."

"Labda," mjane alisema polepole, na neno hilo lilimtoka kama mtu anayeachia kamba. "Labda ni mimi."

Dobi alimsukuma binti yake mbele kidogo. "Sema wewe," alinong'ona. "Mkasi ulikuwa mkononi mwako."

Kifungo alihisi macho yote ya chumba yakimgeukia.

"Shikamoo, Bibi," alisema. "Si wewe. Ni mimi. Nilikata nyuzi kabla ya wakati, nikazichanganya suti. Halafu niliugusa ule mfuko nikajua nimekosea, nikanyamaza kwa sababu nilitaka kuwahi kwaya. Yake ni hii hapa." Akaichukua mkononi mwa baba yake, akamnyooshea. "Nisamehe, Bibi."

Mjane hakujibu salamu. Aliipokea suti aliyoletewa, akalifungua koti, na kidole chake kikaenda moja kwa moja upande wa kushoto, chini ya mfuko wa kawaida, kikazama. Akakaa hivyo. Kisha akafumbua mkono wa kushoto. Ndani palikuwa na lenzi nyeusi, kingo zake zimelika kwa miaka ya kubanwa jichoni. Akaitumbukiza ndani ya mfuko, ikaingia kama mtu anayerudi kwake.

Alipumua pumzi ndefu. Kifungo hakuwa amejua kwamba pumzi ya mtu inaweza kusikika chumba kizima.

"Nilikwambia, wifi," mjane alisema bila hasira.

Dada wa marehemu alikuwa ameketi chini bila kutafuta kiti. Sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imekwisha. "Nisamehe," alisema akiwa amefunika uso. "Nilikuambia umechanganyikiwa. Mbele za watu nilikuambia."

"Mliniambia nyote. Nikafika mahali nikaanza kuwaamini, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kifo chenyewe. Kumpoteza mume na akili wiki moja!" Akamgeukia Kifungo. "Unajua nilimwambia Mungu nini asubuhi hii, mjukuu wangu? Nilimwambia, sitaki muujiza. Niletee mtu mmoja tu atakayesema, bibi, hujakosea. Nikangoja. Nikaona kimya."

"Nilikuwa bado sijavaa viatu, Bibi," Kifungo alisema, kwa kuwa ulikuwa ndio ukweli.

Mjane alimvuta, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Mkono wa pili haukuiachia suti.

"Marahaba," alisema.

Suti ya seremala ilirudishwa kwake mbiombio. Aliipokea kwa ncha za vidole.

"Hakuvikwa?"

"Hakuvikwa," dobi alisema. "Ilikuwa mapajani mwa mke wake tangu alfajiri, akisali juu yake."

Seremala aliitazama upya. "Kumbe imeombewa," alisema, akaivaa kwa heshima ambayo suti hiyo haikuwahi kuipata. Mikono ilimfika mahali pake.

Fundi saa alizikwa asubuhi hiyo na lenzi yake kifuani. Mchana seremala alioa, na ubeti wa kwanza uliimbwa na msichana ambaye sauti yake ilitetemeka kidogo mwanzoni. Filimbi alidai baadaye kwamba kutetemeka huko kulikuwa ishara. Kifungo alimwambia kulikuwa njaa, kwa sababu hakuwa amekula tangu jana yake.

Adhabu ilikuwa soksi. Dobi alilifikiria jambo hilo njia nzima kama alivyoahidi, na akaamua kwamba hadi likizo soksi zote za wateja zitafuliwa na Kifungo, kwa mkono, na kila jozi itashonwa uzi wake. Wapo waliofikiri kwamba kuchapwa kungekuwa huruma zaidi.

Jumatatu asubuhi, kabla ya kwenda shule, alikaa tena mbele ya pasi. Baba yake, ambaye Kifungo alikuwa amekwisha kumsimulia kila kitu, alikuwa hajaanza sala.

"Baba, kuna kitu nataka kuuliza. Mimi niliomba ishara, nikaletewa paka. Bibi naye aliomba. Kwa nini yeye alijibiwa na mimi sikujibiwa?"

"Ulijibiwa," dobi alisema. "Hebu tuanze mwanzo. Sheria ya uzi uliijua?"

"Niliijua."

"Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa. Mfuko ule uliugusa Alhamisi?"

"Niliugusa."

"Mara ya pili. Ijumaa ukaugusa tena, na moyo ukakwambia usimame. Hiyo ni ya tatu, na hapo ukaimba." Alitazama viganja vyake. "Mungu hakuwa kimya, mwanangu. Wewe ulimfungulia mlango mmoja tu, ukamwambia apitie hapo, tena awe mwanamume au mwanamke. Yeye alikuwa amekwisha kuingia dukani zamani. Alikuwa kwenye kazi iliyo mkononi mwako, na kwenye lile jambo la kweli ambalo hukutaka kulikumbuka. Kumpokea Mungu katika kazi ya kila siku ni kukubali akuambie hata lile usilolitaka, halafu kuinuka na kulifanya kabla hujapoa."

Kifungo alifikiri. Hakuwa mtoto wa kukubali haraka. "Lakini labda ni mimi tu nilikumbuka. Labda hakuwa yeye."

"Na hiyo kumbukumbu umeitoa wapi?" dobi aliuliza. "Sikatai kwamba ulikumbuka. Nasema tu, angalia ulikumbuka lini. Ulipokuwa unaongea, hukukumbuka. Ulipokuwa unaimba, ulisahau. Uliponyamaza mbele zake, ukapata nguvu ya kusema. Wakati huo huo kuna mjane anaomba aletewe mtu wa kusema ukweli. Ulikuwa unatafuta ishara mlangoni, na kumbe ishara ya mwenzako ilikuwa wewe."

Dobi akawasha pasi. Taa nyekundu ikawaka.

"Bwana, kaa nasi dukani leo," alisema. "Tuonyeshe tusichokiona."

Wakanyamaza. Chuma kilianza kutoa ule mlio wake mdogo wa kutanuka. Nje muuza mkaa alikuwa anagombana na gunia. Kifungo alikaa na viganja vyake juu ya meza kama baba yake, bila kuomba kitu. Baada ya kitambo akakumbuka, bila kulazimishwa, kwamba soksi moja ya mwalimu wa kwaya ilikuwa imeanguka nyuma ya beseni tangu jana na haikuwa na uzi. Akaamua kwamba taa ikizimika, jambo la kwanza litakuwa hilo.

Paka akaingia, akasimama katikati ya duka, akawatazama wote wawili. Hakuna aliyemwuliza kitu.